Kidonda cha Mbele

Bukoto, Kampala
9 Machi 2003

Victoire mwanangu,

Barua hii anakuletea Ambroise, yule mfanyabiashara wa vitenge uliyenijulisha naye wewe mwenyewe. Amepanda ngazi mpaka mlangoni kwangu, akakataa chai, akasema lori lake linaondoka alfajiri kwenda Butembo na kama nina neno la kukutumia niandike sasa hivi. Basi ninaandika, naye amekaa kwenye kiti ulichozoea kukalia ukinisomea magazeti.

Mvua imeanza mapema mwaka huu. Ninakaa dirishani nikiitazama inavyokuja kutoka upande wa ziwa, polepole, kama mtu anayetandika shuka juu ya mji. Makaloli, wale korongo wakubwa wa majalala, wamepanga mstari juu ya paa la ghorofa jirani, mabega juu, shingo uchi, jinsi kuruta wangu walivyosimama wakisubiri niwasomee imla. Miaka thelathini nilifundisha askari polisi Kiswahili, na bado nikifumba macho ninamsikia mmoja wao nyuma kabisa akisema, “Mwalimu, rudia.” Siku hizi ninafumba macho sana. Kuna muuguzi anayenitembelea na chupa ya dawa ya maji, ya kijani kama majani machanga ya mgomba. Nikinywa kijiko kimoja ukuta unakuwa laini. Jana nilidhani naweza kuusukuma kwa kidole nikatokea Gulu kwa mama yangu.

Sasa nisikilize. Ninaumwa, mwanangu, na sidhani kama nitauona mwisho wa mwaka. Nina kidonda cha mbele ambacho sikumwambia mtu. Binti yangu Ayaa anadhani ni mguu, na mumewe Abubaker, mtu mwema, amenunulia mguu wangu bandeji.

Ombi langu ni moja. Siku ikifika, uje unioshe wewe. Usikubali Akot aingie chumbani. Unayajua maneno ya huyo wifi yangu, kwa maana ulipanga chumba kwake Kisugu na uliyasikia kwa mdomo wake: kwamba kaka yake Odoch, mume wangu, alipokufa kwenye njia ya kaskazini mwaka ule wa vita, mimi nilikataa kurithiwa na mdogo wake kwa sababu nilitaka kubaki mjini na wanaume. Aliyasema uani kwangu, majirani wamesimama. Hatujazungumza tangu siku hiyo. Akikijua kidonda hiki atayasema upya, na safari hii atakuwa na ushahidi.

Ambroise anatazama saa. Unitumie neno kama utakuja.

Mama yako wa Kampala,
Akwero

*

Butembo
2 Aprili 2003

Maman Akwero,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Sisi tuko wazima. Elisée ameanza kutembea, anashika ukuta, anaanguka, anacheka. Bwana yangu Zéphyrin amepata kazi kidogo ya kupakia kahawa. Baridi ya huku unaijua, asubuhi mawingu inaingia mpaka ndani ya nyumba na hatuonane.

Maman, nilisoma barua yako nikalia. Nikamsomea Zéphyrin pia. Miaka kumi na saba! Kumbe ile kidonda ya mbele, ya wakati ule wa vita, ungali nayo? Mimi nilizani ilishapona. Ulikuwa unacheka na sisi, unatufundisha, unatupa chakula sisi wakimbizi, kumbe ndani unatoka damu. Kidonda ya mbele ikikaa bila kuoshwa namna hiyo inaoza roho, na roho ikioza mguu nao unaumia. Sishangai.

Nitakuja, ukiniita nitakuja. Lakini sitaki nije kukuosha ukiwa umekufa na hasira. Ndiyo maana nimefanya kitu, na nakuomba usinikasirikie. Nimempa Ambroise barua mbili. Moja ni hii. Ingine ni ya Mama Akot. Nimemwandikia hivi: “Mama, wifi yako Akwero ana kidonda ya mbele, na inamuua. Ni weye peke yako unaweza kumwosha. Umwoshe na machozi yako, usingoje afe. Beba maji uende.”

Najua nimeingia fasi isiyo yangu. Lakini yeye ndiye alikuumiza kwa mdomo, ni yeye aoshe na machozi yake. Nimeomba Mungu siku tatu kabla ya kuandika.

Elisée anakushika mkono.

Binti yako,
Victoire

*

Bukoto
17 Aprili 2003

Victoire,

Umefanya nini, mwanangu? Ambroise alianzia Kisugu. Akot alipata barua yake jana asubuhi, mimi nikapata yangu jioni. Tangu hapo ninasikiliza ngazi. Kila mwenye viatu vizito ni yeye.

Sina haki ya kukukasirikia. Nilifundisha vijana kutoka kila pembe ya nchi hii. Najua wa Masaka akiandika “kurara” anataka kulala, na wa Arua akiandika “mtu yangu” si kwamba hana adabu. Kila mtu nilimsoma kwa sikio la kwao. Lakini kwako nilisahau kwamba kwenu Kongo mbele ni zile siku zilizokwisha kupita. Kwangu mimi, mbele ni mbele ya mwanamke, pale panapofunikwa. Nililichagua neno hilo kwa sababu lina staha, na kwa sababu yale mengine sijawahi kuyatamka, hata kwa Odoch, hata taa ikiwa imezimwa.

Kwa hiyo niandike bila pazia, kwa kuwa sasa hakuna faida ya pazia. Kidonda changu kiko kwenye shavu la kushoto la uke. Kilianza kwa kuwasha. Halafu nikaona damu kidogo kwenye nguo, mimi ambaye hedhi iliniacha zamani. Nikaenda kwenye kliniki moja ndogo, mtaa ambao hawanijui. Kijana aliyenihudumia hakuangalia. Aliuliza tu:

“Mzee wako yuko?”

“Alikufa vitani.”

“Basi huyu wa sasa aje naye apigwe sindano.”

“Hakuna wa sasa.”

Akacheka, wala si kwa ubaya. “Nyabo, vitu hivi haviji na upepo.”

Nikalala kifudifudi nikapigwa sindano za kaswende, kama mtu anayekubali kosa alilosingiziwa ili mradi aruhusiwe kwenda nyumbani. Baada ya hapo sikwenda kwa mganga yeyote mwaka mzima. Hili ndilo ninaloliungama kwako, kabla sijaliungama kwa padri: mwaka mzima nilijua kuna kitu kinakua, na sikukitazama hata mara moja. Nilioga nikiwa nimeangalia dari. Niliogopa jina kuliko kifo.

Uvimbe ulipotokea kinenani nikamwambia Ayaa ni mtoki, kwamba nilijikwaa kidole cha mguu na tezi zimevimba. Ndipo akanipeleka hospitali kwa ajili ya mguu huo. Daktari alikuwa binti mdogo, labda wa umri wako. Alimtoa Ayaa nje. Akasema, “Mama, ruhusu niangalie pote.” Akaangalia. Kisha akavuta kiti akaketi, na nilipomwona ameketi nikajua.

Alikata kipande kikapelekwa kupimwa. Niliporudi alinieleza kwa upole, akitafuta maneno. Ni saratani ya zile chembe zinazotia ngozi rangi. Aghalabu huota mguuni au penye jua, lakini huweza kuota hata huko ambako jua halijafika. Huko ni nadra sana. Alisema yeye mwenyewe ameisoma vitabuni na mimi ni wa pili kumwona kwa macho. Wa kwanza alikuja mapema, wakamkata, akaenda nyumbani kwake. Kwangu imekwisha kuingia kwenye tezi.

Nikamuuliza, “Nani ameniambukiza?”

Akashangaa. “Hakuna, Mama. Haiambukizwi. Hata mtawa angeweza kuipata.”

Victoire, nilitoka pale nimefurahi. Unaweza kuamini? Nilishuka ngazi za hospitali nimeshika ukuta nikijisemea: ninakufa, lakini sikuzini. Ayaa aliniuliza kwa nini ninatabasamu, nikamwambia ni mguu, umepata nafuu.

Lakini nani atamweleza Akot habari za chembe za rangi? Yeye ataona doa jeusi lililopasuka, pale, kwa mjane aliyebaki mjini. Miaka hii ambayo kila nyumba ina maiti ya ugonjwa ule mwingine, nani atauliza zaidi? Na Ayaa atakuwa amesimama hapo, anasikia.

Leo mchana, baada ya kijiko, niliota niko darasani. Ninafuta ubao, na weusi wa ubao unatoka na kitambaa. Unanishika vidole, unapanda mkononi, wala hauna uzito, una joto kama maji ya kuoga. Kuruta wote wamesimama. Nyuma ya ubao hapakuwa na ukuta, palikuwa na mto, na kando ya mto watu waliokuwa wakifua nguo nyeupe bila kuzungumza. Nikaamka ninataka kurudi.

Kuna viatu ngazini. Hapana. Ni muuza maziwa.

Akwero

*

Butembo
6 Mei 2003

Maman, Maman yangu,

Nimeelewa sasa. Nilipoelewa nilikaa chini palepale mlangoni na barua mkononi, na Zéphyrin alizani mtu amekufa. Mimi niliandika “umwoshe”! Mimi niliandika “beba maji uende”! Nimekuvua nguo mbele ya yule mtu mmoja uliyekuwa unamficha. Ungekuwa hapa ningelala kifudifudi.

Nataka nije na barabara inakataa. Watu wanakimbia kutoka Bunia, wamejaa njia yote ya Beni, malori yamesimama, Ambroise mwenyewe amekwama upande huu. Hii barua ameibeba kijana wa baiskeli mpaka mpakani. Nimefunga nguo zangu ndani ya kitenge, ziko karibu na mlango. Lori ya kwanza, mimi niko juu.

Ningojee. Sijui kama ni dhambi kumwomba mtu angojee. Ningojee.

Victoire

*

Bukoto
15 Mei 2003

Mwanangu,

Barua yako imefika. Sina wa kumpa hii, lakini ninaandika, maana leo mkono umetulia na dawa imebadilishwa rangi. Sasa ni ya waridi, nguvu yake ni kubwa kuliko ya kijani. Ninaandika mstari, ninalala, ninaamka na kuukuta mstari ukinisubiri kama mbwa.

Akot alikuja. Alikuja na beseni kichwani, ndani yake chumvi, leso mbili kuukuu na chupa ya dawa ya kuulia vijidudu. Akaweka beseni sakafuni. Hata salamu hakutoa.

“Kiko wapi?”

“Nini?”

“Kidonda cha mbele. Mtoto wako wa Kongo ameandika nije nikuoshe. Ameandika mambo ya machozi, sijui nini, lakini nimeelewa.”

Unaona, Victoire? Wewe hukuelewa ulichoandika, yeye alikielewa. Nilivuta shuka mpaka kidevuni, mzee mzima. Akaivuta upande wake. Tulivutana shuka kama wasichana wa shule.

“Fungua miguu, wifi. Hakuna kuruta hapa wa kukupigia saluti.”

Nilifungua. Nikatazama dari, pale penye alama ya maji inayofanana na ramani. Nilimsikia anapumua. Nilikuwa nikingoja yale maneno, nimeyangoja miaka yote hii, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitamani ayaseme yaishe.

“Nani alikupa hii?”

“Hakuna mtu.”

“Wifi. Mimi nimezeeka kambini kwa askari. Usinifundishe imla.”

Nikamwambia alivyosema daktari, polepole, kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiacholi nilikosa pa kuanzia. Saratani. Chembe zinazotia ngozi weusi. Haiambukizwi. Hata mtawa.

“Weusi huu wa ngozi?”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo unauawa na weusi wako mwenyewe.”

“Ndivyo alivyosema.”

Akajitazama mkono wake, kisha wangu. “Na mimi niliyekuzidi weusi nafanya nini hapa duniani?”

Nilicheka. Kucheka kunauma huko chini, lakini nilicheka, na yeye akacheka huku mikono imo majini. Kisha akaanza kuosha. Ana mikono migumu kama magunzi. Alipomaliza akafungua mlango, akamwita Ayaa kwa sauti ya paredi: “Njoo ushike beseni ya mama yako. Mguu ni mzima. Nitakueleza.” Na akamweleza, palepale, mimi nikiwa nimelala baina yao kama meza. Ayaa hakulia. Aliniuliza tu, “Mama, hata mimi?”

Akot anakuja kila siku kutoka Kisugu. Sijui kama ananiamini. Maneno ya mwaka ule hajayataja, wala hajaomba radhi. Lakini juzi, akikamua kitambaa, aliuliza bila kuniangalia:

“Kweli hakuwapo mtu?”

“Kweli.”

“Miaka yote hiyo?”

“Miaka yote hiyo.”

Akatikisa kichwa. “Upumbavu,” alisema. “Ulikuwa mzuri.”

Mwanangu, usihangaike na barabara. Kaa na Elisée, mshike mkono mpaka ukuta uishe. Atakayeniosha yupo. Atakalolisema akishaniosha, mbele ya wanawake wa ukoo, silijui, na ninaona kwamba siwezi tena kuishika hofu yake. Ninaitafuta kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda kwa mguu, halafu usingizi unanichukua. Mto ule wa ndotoni sasa uko karibu na dirisha. Wafuaji wameinua vichwa. Hawana haraka na mimi sina.

Mvua imesimama. Makaloli wamekunjua mabawa yao yakauke, paa zima limekuwa

*

Kisugu
9 Juni 2003

Victoire,

Mimi ni Akot, dada ya marehemu Odoch. Naandika Kiswahili ya kambi, wewe usicheke, na mwalimu hayuko tena wa kusahihisha.

Wifi yangu amekufa tarehe ishirini na nane ya mwezi wa tano, mchana. Mimi nilikuwa napika uji. Alikuwa analala tu, mdomo yake kama mtu anataka kusema kitu ya kuchekesha. Tumemzika Gulu, karibu na mama yake. Ambroise amerudi, amesema ulifika Beni mara mbili na mara mbili wakakurudisha. Basi. Ulikuja.

Hii barua ingine nimepata chini ya mto yake. Haikuisha. Nimesoma. Anasema mkono yangu ni ngumu. Ni kweli.

Sasa nakuambia ile kitu alikuwa anaogopa.

Tumemwosha sisi watu wanne: mimi, Ayaa, na wanawake wawili wa ukoo walikuja na basi kutoka kaskazini. Mmoja alipoona ile mahali, akashika pua, akaangalia mwenzake. Mimi najua ile macho. Ilikuwa yangu. Akauliza, “Hii ilikuwa ya mwanaume gani?” Ayaa aliangalia mimi. Alikuwa anashika mguu ya mama yake.

Ningeweza kufunika na lesu, tumalize. Mimi nilifunua zaidi. Nikasema, “Karibu hapa. Angalia vizuri. Hii ni saratani. Hakuna mwanaume amepita hapa tangu kaka yangu. Mimi Akot nasema hivyo, na mimi ndiye nilisema uongo ya kwanza, mwaka themanini na sita, uani kwake. Nani anataka kuuliza tena?” Na ile mahali niliita kwa jina yake ya Kiacholi, jina yenyewe, kwa sauti. Watu wa hema ya msiba nje walisikia. Padri alikohoa.

Tukamaliza kuosha. Ilikuwa kazi nzuri.

Baada ya mazishi, yule wa kushika pua alinifuata nyuma ya jiko. Aliangalia kushoto, aliangalia kulia. Akauliza, “Mama, yake ilianza namna gani?” Mimi sikumuuliza kwa nini unauliza. Nimerudi naye Kampala. Kesho asubuhi tunakwenda kwa yule daktari msichana. Labda ni kitu ya bure. Anaogopa sana, hajakula.

Victoire, wifi yangu alisoma kunishinda, alifundisha afande wakubwa, na alikaa na ile kitu mwaka mzima bila kuangalia. Lakini mimi pia nilikuwa siangalii. Nani alitufundisha kuangalia? Wiki hii nimeangalia. Ni nzee, imekunjamana, haina shida. Ayaa ameangalia. Abubaker aligonga mlango tukamfukuza.

Na wewe, tuma Zéphyrin sokoni. Funga mlango. Chukua kioo, kaa chini penye mwanga, angalia polepole. Ukiona doa hulijui, usiniandikie. Panda lori uje.

Akot